Marekani imetoka Mkataba wa Paris. Je, karatasi tuliyotia sahihi Nyakach bado ina nguvu?

SWALI: Daktari, hujambo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama huku Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Mwaka wa 2022 tulitia sahihi mkataba wa miaka 20 na kampuni ya kaboni. Sisi tupande grevilea na kaliandra, tuache kuchoma mabua, tutengeneze mboji, nao watupe asilimia 60 ya mauzo. Tumelipwa mara moja tu, kwa M-Pesa, mwaka wa 2024. Wiki iliyopita afisa wao alikuja akasema Trump ameitoa Marekani kwenye Mkataba wa Paris, soko la kaboni limekufa, kwa hivyo tutie sahihi fomu mpya ya asilimia 30 kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mradi unafungwa. Wenzangu wawili wameshaanza kukata miti wauze nguzo. Mume wangu anasema hiyo Paris ni kama chama, tajiri akitoka basi kimevunjika. Je, ni kweli? Kenya nayo imetoka? Na tukikataa kutia sahihi, tunaweza kushtakiwa?

JIBU: Mama, nianze na lile la haraka ili uwahi kuwafikishia wenzako. Fomu hiyo msiitie sahihi kwa sasa, na mapanga yarudi ndani. Kujitoa kwa Marekani hakujaugusa mkataba wenu wa 2022, hakujaiondoa Kenya popote, na peke yake si sababu ya kisheria ya kuwakata malipo kwa nusu. Na hapana, kukataa kutia sahihi karatasi mpya si kosa la kumshtaki mtu.

Sasa sitaki uondoke ukidhani nimesema kwamba kujitoa huko ni mchezo. Kuna madhara, na baadhi yake yameshafika mpaka huku kwetu ziwani. Ila hayapiti njia ile mliyoonyeshwa na afisa huyo, na mtu asiyejua njia yanakopita atakuwa akiziba tundu lisilovuja.

Mkataba wa Paris, ule wa nchi za dunia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa Desemba 2015 na ukaanza kufanya kazi tarehe 4 Novemba 2016. Kenya iliuridhia mwezi uliofuata. Marekani imekuwa ikiingia na kutoka. Trump alitangaza Juni 2017 kwamba anatoka, lakini mkataba wenyewe una kifungu kinachozuia nchi kutoa notisi kabla ya miaka mitatu kupita tangu uanze, kisha notisi hiyo nayo isubiri mwaka mzima. Ndiyo maana safari ya kwanza Marekani ilitoka rasmi tarehe 4 Novemba 2020, siku moja baada ya uchaguzi ambao Trump alishindwa. Biden alirudi na barua yake siku ya kwanza ofisini, na tarehe 19 Februari 2021 nchi hiyo ikawa ndani tena. Trump aliporejea Januari 2025 alitoa notisi upya, na safari hii hapakuwa na miaka mitatu ya kungoja, mwaka mmoja tu. Umekwisha tarehe 27 Januari 2026. Leo nchi zilizo nje ya Paris ni Marekani, Iran, Libya na Yemen. Nyingine zote zimebaki.

Mfano wa mzee nyumbani ni mzuri, ila unachechemea mahali pamoja, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Chama chenu kina mfuko mmoja. Kila mtu analeta wiki hii, mmoja anachukua, na mwenye mchango mnono akitoka kuna mtu atakosa zamu yake. Paris haina mfuko wa namna hiyo. Kila nchi huandika ahadi yake yenyewe ya kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, huiwasilisha, huiboresha kila baada ya miaka mitano, na hutoa taarifa kuhusu ilipofikia. Hakuna faini wala polisi. Kuna kamati ya kufuatilia utekelezaji, lakini imekatazwa na mkataba wenyewe kuadhibu mtu. Nguvu yote iko kwenye aibu ya kuonekana umeahidi ukashindwa, na kwenye imani kwamba jirani naye anafanya lake. Kwa hivyo mkubwa akitoka, hakuna hesabu ya chama inayoharibika siku hiyo. Kinachopungua ni ile imani, na imani huliwa polepole.

Tuna mfano wa kutosha kuhusu hilo. Kabla ya Paris kulikuwa na Itifaki ya Kyoto ya 1997. Bush aliikataa mwaka wa 2001, na wengi wakaizika. Haikufa. Urusi iliridhia, nayo ikaanza kazi Februari 2005. Lakini ilichechemea. Kanada iliyokuwa ndani iliona haina sababu ya kubanwa wakati jirani yake yuko huru, ikajitoa mwishoni mwa 2012. Upande wa pili, Marekani ilipotangaza kutoka Paris mwaka wa 2017, hakuna hata nchi moja iliyoifuata. Nicaragua na Syria, ambazo ndizo zilizokuwa hazijautia sahihi kabisa, ziliingia mwaka huo huo. Kwa hiyo ukiulizwa kama tajiri akitoka chama huvunjika, historia inasema mara moja kilidhoofika na mara moja kilisimama. Ya mara hii bado hayajaonekana.

Kuhusu Kenya, msiwe na wasiwasi hata kidogo. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 2(6), inasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Wanaweza kuhama wote, sisi tutabaki tumefungwa na sahihi yetu mpaka tuiondoe wenyewe kwa utaratibu wetu. Zaidi ya hapo, biashara ya kaboni nchini inaongozwa na sheria ya hapa nyumbani. Kuna Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, marekebisho yake ya 2023, na kanuni za masoko ya kaboni za 2024. Hakuna hata kifungu kimoja humo kinachotegemea Washington.

Sasa tuje kwenye karatasi yenu.

Mkataba wa Paris ni kati ya nchi na nchi. Mkataba wa 2022 ni kati ya kikundi chenu na kampuni. Ni karatasi mbili ambazo hazijashikana hata kwa pini, isipokuwa kama yenu inasema hivyo waziwazi. Chini ya sheria yetu ya mikataba, upande mmoja hauwezi kubadilisha masharti peke yake, lazima wote wakubali. Ndiyo maana afisa huyo amekuja na fomu. Kama kampuni ingekuwa na haki ya kuwapunguzia mpaka asilimia 30 bila ninyi, ingewatumia barua tu ikamaliza. Ukiona mtu anahitaji sahihi yako, ujue sahihi hiyo ina thamani.

Kuna hoja mbili ambazo wakili wa kampuni anaweza kuzileta, na ni vizuri uzijue mapema. Ya kwanza ni kwamba mkataba umeshindikana kutekelezeka. Mahakama hukubali hoja hiyo pale tu jambo lenyewe limekuwa haliwezekani kabisa au limegeuka kuwa kitu kingine kabisa. Bei kushuka, au biashara kuwa ngumu, havitoshi. Ya pili ni kifungu cha majanga yasiyozuilika, ambacho karibu kila mkataba wa kaboni huwa nacho, kwa kawaida kuelekea mwisho, kwa herufi ndogo. Kitafuteni. Husema kama ikitokea vita, mafuriko, maradhi ya mlipuko, au mabadiliko ya sheria, kampuni inaweza kusimamisha wajibu wake. Someni orodha hiyo neno kwa neno. Kama imetaja mabadiliko ya sheria, swali ni sheria ya nchi gani. Sheria ya Kenya haijabadilika kwa sababu ya Trump. Kama imetaja mabadiliko ya soko, hapo mambo ni mazito kidogo, na mtahitaji wakili akae nayo.

Na hilo soko, je, limekufa? Hapa afisa huyo ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo huwa na sumu. Bei za kredi za kaboni, yaani vyeti vya tani za hewa ukaa ambazo mradi umezizuia, zimeshuka kweli, lakini zilianza kushuka kabla Trump hajarudi ofisini. Kuanzia 2022 na 2023 wanunuzi waliingiwa na shaka. Waandishi na watafiti walionyesha kwamba kredi nyingi za misitu zilihesabiwa kupita kiasi, na Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani wakamshtaki aliyekuwa mkuu wa kampuni moja kubwa ya miradi ya majiko kwa madai ya kupika takwimu. Hapa kwetu, mradi mkubwa wa malisho wa kaskazini mwa Kenya umesimamishwa zaidi ya mara moja ukaguliwe upya. Hayo ndiyo yaliyoangusha bei.

Kredi kama zenu, za wakulima wadogo, kwa kawaida huuzwa kwenye soko la hiari. Mnunuzi ni kampuni iliyoamua yenyewe kulipia moshi wake, na haihitaji nchi yake iwe mwanachama wa kitu chochote. Kampuni za Marekani zimekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa hata katika miaka ambayo serikali yao ilikuwa nje, na Microsoft ndiyo inayotajwa zaidi. Verra, shirika linalosajili miradi mingi ya aina hii, lina ofisi zake Washington, na huenda ndiyo sababu watu wanachanganya. Lakini ni shirika lisilo la serikali. Trump hana ufunguo wa daftari lake.

Kuna barua moja, hata hivyo, ambayo ina uzito kuliko yote yanayosemwa Washington, nayo hutoka Nairobi. Kampuni ikitaka kuuza kredi kwa nchi nyingine ili nchi hiyo izihesabu kwenye ahadi yake ya Paris, au kwa mashirika ya ndege chini ya mpango wao wa kimataifa, lazima serikali yetu itoe barua ya idhini, na Kenya ijipunguzie kiasi hicho kwenye hesabu yake yenyewe ili kitu kimoja kisihesabiwe mara mbili. Kredi zenye barua hiyo huuzwa bei nzuri zaidi. Bila shaka mlisikia jinsi KOKO, ile kampuni ya majiko ya ethanoli ambayo watu wengi wa mjini Kisumu na Nakuru walikuwa wakijazia mafuta yake dukani, ilivyofunga kazi mwishoni mwa Januari 2026. Ilikuwa inangojea barua ya aina hiyo na haikuipata. Yalitokea wiki ile ile ambayo Marekani ilitoka Paris, na nimewasikia watu wazima kwenye matatu wakiyaunga pamoja. Hayahusiani. Kwa hivyo swali la kumwuliza afisa wenu ni hili: kredi zetu mnaziuza soko gani, na je, mpango wenu ulitegemea barua ya idhini? Akijikanyaga, mmejua tatizo liko wapi.

Naomba sasa tufanye hesabu pamoja, maana wewe ni mweka hazina na namba hazikutishi. Kwa mbinu za udongo kama mboji na kuacha mabua shambani, makadirio ya kawaida ya huku magharibi ni tani moja ya hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka, au zaidi kidogo. Ekari moja basi ni kama nusu tani. Tuseme tani inauzwa dola 8. Nusu yake ni dola 4, yaani kama shilingi 515. Asilimia 60 ni shilingi 310. Asilimia 30 ni shilingi 155. Miti inaongeza, na bei ya kweli inaweza kuwa juu au chini ya hiyo, lakini ukubwa wa pesa ndio huo. Mradi wa kwanza wa aina hii katika Afrika ulifanyika hapa hapa, Kisumu, Siaya na Bungoma, ukiendeshwa na shirika la Vi Agroforestry, na mnunuzi akiwa mfuko wa Benki ya Dunia. Kredi zake za kwanza zilitolewa Januari 2014, jumla tani 24,788. Gawanya kwa maelfu ya wakulima waliokuwemo uone kila mmoja alibaki na nini. Waliofaidika walifaidika kwa mavuno, kuni na majani ya ng'ombe.

Sikuambii hivyo ili mkate tamaa. Nakuambia ili mjue kinachopiganiwa. Kwenu, tofauti ya 60 na 30 ni bei ya pakiti moja ya unga wa ugali kwa ekari kwa mwaka. Kwa kampuni yenye maelfu ya wakulima, tofauti hiyo hiyo kwa miaka kumi na sita iliyobaki ni utajiri. Hapo ndipo unaelewa kwa nini mtu alikubali kupanda pikipiki kutoka Ahero akaja kuwasaka kwenye mkutano.

Mtasikia pia habari ya asilimia 40. Ni kweli, marekebisho ya 2023 yanasema mradi wa ardhi uchangie jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya gharama, na miradi isiyo ya ardhi asilimia 25. Lakini sharti hilo limefungwa kwenye makubaliano ya maendeleo ya jamii, yanayohusu ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Mashamba yenu, kama yana hati za watu binafsi, kinga yenu ya kwanza ni ule mkataba wenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya kutouchezea. Na tazameni kama ile 60 yenu ni ya mauzo yote au ni ya kinachobaki baada ya gharama. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu gharama anaziandika yeye.

Sasa madhara ya kweli. Nilikuahidi sitayaficha.

La kwanza ni pesa za umma. Kenya iliahidi kwamba kufikia 2030 itakuwa imepunguza gesi zake kwa asilimia 32 chini ya kiwango ambacho zingefikia bila jitihada, na ikasema wazi kwamba asilimia 87 ya gharama itahitaji kutoka nje. Sisi mchango wetu katika kuiharibu hewa ya dunia hata asilimia 0.1 haufiki, Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote tangu viwanda vianze. Ndiyo maana Paris iliweka wajibu wa nchi tajiri kusaidia. Obama aliahidi Mfuko wa Kijani wa Tabianchi dola bilioni 3, akalipa bilioni 1. Biden alilipa bilioni nyingine na kuahidi zaidi. Mwanzoni mwa 2025 Trump alifuta ahadi zote zilizobaki, kama dola bilioni 4, na Machi mwaka huo wawakilishi wa Marekani wakaondoka kwenye bodi ya mfuko wa hasara na uharibifu, ule uliotarajiwa kusaidia watu waliopoteza nyumba kwa mafuriko kama yale ya Nyando na Nyakach ya 2024. Pesa hizo hazikuwa zije kwenye simu yako. Zingekuja kama tuta la mto, mbegu, au daraja. Kwa hivyo hutaona kitu kikiondoka. Utaona tu kitu hakiji.

Si kila kitu kimekauka. Mpango wa FLLoCA, ule wa kulipia miradi ya tabianchi mashinani, ambao kamati ya tabianchi ya wadi yenu inaufahamu, unalipiwa kupitia Benki ya Dunia pamoja na Ujerumani, Denmark na Sweden. Mtu akikuambia kisima cha wadi kimekwama kwa sababu ya Paris, mwulize tena, kwa utulivu. Marekani ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi katika Benki ya Dunia, na siku ikiamua kubana huko tutasikia, lakini hilo ni jambo jingine. Kufungwa kwa USAID mwaka wa 2025 pia ni uamuzi tofauti kabisa na wa Paris, ingawa umetoka mkono ule ule, na kwa watu wa Nyanza na Magharibi ndio uliouma zaidi.

La pili halizungumzwi sana, nalo mimi ndilo linaloninyima usingizi: habari za hali ya hewa. Utabiri wa msimu unaousikia redioni kutoka kwa Idara ya Hali ya Hewa na kituo cha kanda cha ICPAC haupikwi Nairobi peke yake. Unachanganya mifumo ya kompyuta na setilaiti za nchi nyingi, na za Marekani ni sehemu kubwa. Mtandao wa tahadhari ya njaa unaoitwa FEWS NET, ambao Marekani iliuanzisha mwaka wa 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, ulizimwa Januari 2025 na ukarudi baadaye mwaka huo. Takwimu za mvua za CHIRPS, zinazotumiwa hata na watu wa bima ya mazao, zilijengwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa fedha za serikali hiyo hiyo. Nchi ikishaamua kwamba mabadiliko ya tabianchi si jambo lake, wanasayansi wake wa mvua nao huanza kuhesabiwa kama gharama. Mkulima wa Kano anayepanda mpunga kwa kufuata utabiri ataumia kwa hilo kabla hajaumia kwa bei ya kaboni.

La tatu ni la kisheria. Januari 2026 Trump pia aliagiza Marekani ijitoe kwenye mashirika na mikataba 66, na humo umo mkataba mama wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, wa 1992, pamoja na jopo la wanasayansi la IPCC. Mkataba mama ndio uliozaa Paris. Nchi isiyo ndani ya mama haiwezi kuwa ndani ya mtoto. Mwaka wa 2021 kurudi kulihitaji barua na siku thelathini. Safari hii rais ajaye akitaka kurudi atalazimika kupitia kwa mama kwanza, na wanasheria wa huko wanabishana kama kibali ambacho Seneti ilitoa mwaka wa 1992 bado kinafaa. Mlango uliokuwa ukifunguka na kufungwa kila miaka minne sasa umewekewa kufuli la pili.

Hakuna kati ya hayo matatu linalofika kwenye asilimia 60 yenu. Ukiniuliza maoni yangu, tangu 2025 jina la Trump limekuwa jibu rahisi kwa kila mtu asiyetaka kueleza mahesabu yake.

Mna njia kadhaa, na kila moja ina gharama. Mnaweza kukataa fomu na kudai mkataba wa zamani uendelee. Kisheria mko imara, lakini kampuni ikiwa kweli haina pesa inaweza kufilisika, na asilimia 60 ya sifuri ni sifuri. Mnaweza kujadiliana, na hata mimi naona kuna mazungumzo ya haki hapo, kama wataonyesha vitabu: tani ngapi zimethibitishwa tangu 2022, zimeuzwa kwa nani, kwa bei gani, na kwa nini mmelipwa mara moja. Mkikubali kushuka, kushuka huko kuwe kwa muda uliotajwa, na asilimia irudi bei ikipanda, yote kwa maandishi. Mnaweza pia kutaka kutoka. Hapo angalieni kifungu cha kuvunja mkataba, maana vingine vinamdai mkulima arudishe alicholipwa au gharama ya miche. Ukinibana nichague, ningejadiliana, lakini baada ya kuona vitabu na si kabla.

Kuhusu miti, wale wenzako wawili waambie waache leo. Mkataba wa kaboni karibu kila mara una ahadi ya kutokata kwa kipindi fulani, na wakikata sasa watakuwa wameipa kampuni kile ilichokosa, yaani sababu halali ya kusema ninyi ndio mliovunja. Kupunguza matawi ya grevilea na kukata kaliandra kwa ajili ya ng'ombe kwa kawaida kunaruhusiwa. Kama tayari kuna visiki, vipigeni picha, andikeni tarehe na idadi, na msivifiche.

Haya ninayoandika yanatosha kukuondolea hofu, lakini hayatoshi kuchukua nafasi ya mtu aliyeushika mkataba wenu mkononi, kwa sababu mimi sijauona. Kabla ya mwisho wa mwezi, nendeni watu wawili au watatu wa kikundi kwenye ofisi ya NEMA mjini Kisumu. NEMA ndiyo mamlaka ya taifa ya miradi ya kaboni, na mna haki ya kuuliza kama mradi wenu umesajiliwa na kwa hadhi gani. Kisha mwoneni wakili. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ina ofisi Kisumu na haitozi mtu asiye na uwezo. Bebeni mkataba wenyewe, kurasa zote pamoja na viambatisho, fomu mpya, cheti cha usajili wa kikundi, orodha ya wanachama na ekari zao, na ule ujumbe wa M-Pesa wa 2024. Kama mkataba ulisainiwa kwenye tableti na hamkuachiwa nakala, andikieni kampuni barua leo mkiidai, na mtunze ushahidi kwamba barua imepokelewa. Msingoje iwajibu ndipo muende. Nendeni na nakala ya hiyo barua.

Afisa huyo akirudi kabla hamjaenda, mkaribisheni chai. Mwambieni kikundi kimeamua kwamba hakuna sahihi mpaka mkataba usomwe na wakili, na katibu aandike jibu lake kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina lake na tarehe. Mwanachama yeyote akifuatwa nyumbani peke yake aambiwe atie sahihi yake binafsi, hiyo ndiyo siku ya kupanda matatu kwenda mjini bila kungoja wengine.